Alichokikwepa ndicho kilichompa jina

Je, ushawahi kukitupa kitu kando ukidhani hakina maana, kumbe ni johari? Basi kuna mtu aliyeitia kando galaksi nzima.

Charles Messier alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1730. Babake alifariki Messier akiwa na miaka 11 tu, na chuo kikuu hakukiona. Alipofika Paris akiwa na miaka 21, mtaalamu mmoja wa nyota alimwajiri kazi ya ukarani, na kilichomfaa sana ni mwandiko wake mzuri.

Punde akaingiwa na hamu ya kusaka nyota zenye mkia. Lakini mara kwa mara darubini ilimchezea shere. Angeona kiwingu hafifu, afurahi, kisha usiku wa pili akikute palepale. Nyota yenye mkia husogea! Ili asizidi kupotezewa wakati, akaanza kuviorodhesha viwingu hivyo ili avikwepe. Machi 18, 1781 akaandika cha 87, pamoja na mahali kilipo.

Kumbe hicho cha 87, kiitwacho leo M87, ni galaksi kubwa ajabu yenye umbo la duaradufu, isiyo na mikono iliyojipinda kama galaksi yetu. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kutoka huko hadi hapa huchukua miaka milioni 55 hivi. Nuru aliyoiona Messier iling'oa nanga kabla binadamu hajakuwapo!

Mwaka wa 1918, Heber Curtis wa Marekani aliona mchirizi ulionyooka ukichomoza katikati ya M87. Na Aprili 10, 2019, wanasayansi walitangaza picha ya kwanza kabisa ya shimo jeusi. Lilikuwa la wapi? La M87, nalo lina uzito wa majua bilioni 6.5. Ndilo chimbuko la mchirizi ule.

M87 iko upande wa Mashuke, kundi ambalo wengi wetu tunalijua kutoka kurasa za unajimu. Mwezi wa Mei, mapema usiku, kundi hilo huwa juu ya vichwa vyetu hapa Kenya, ila M87 yenyewe yataka darubini.

Messier aligundua nyota 13 zenye mkia. Nani anazitaja leo? Ile orodha ya kero ndiyo inayotumika hadi sasa. Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Nawe mwanafunzi, usichokielewa leo usikifute daftarini. Kiandike kwa mwandiko safi, huenda mwingine akakihitaji.