Staa, muombe radhi muuzaji: ni taa yako iliyochoma matumbawe

Kuna staa mmoja wa Bongo, mtoto wa Singe pale Babati, wiki hii kaamka na hasira. Tangi lake la maji ya chumvi, lile la sebuleni analolipigia picha kila siku, limegeuka jeupe. Matumbawe yaliyokuwa ya kijani na zambarau yamepauka kama chaki. Jamaa akaingia laivu, akasema kauziwa mali mbovu. Mashabiki wakamsaka muuzaji, wakampata, wakamshushia matusi. Sasa kijana wa watu oda zinakatwa, simu kazima.

Tatizo ni kwamba kwenye laivu hiyohiyo staa anajisifia taa mpya za LED. Kazifunga siku tatu kabla, kaziwasha asilimia 100, saa 12 kwa siku. Na kabla ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe, matumbawe yalikaa miezi miwili yakiwa safi. Mali mbovu gani hiyo inayosubiri taa mpya ndiyo iharibike?

Tuelewane hapa. Tumbawe ni mnyama, siyo ua. Ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo ndio unaoleta rangi nyingi, na ndio unaotumia mwanga kutengeneza sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe. Mwanga ukizidi ghafla, mwani unaelemewa na kuanza kutoa sumu. Tumbawe linautema ili kujiokoa, na rangi inaondoka nao. Baharini chanzo kikubwa huwa ni joto, kama mwaka 1998 ambapo miamba mingi ya Afrika Mashariki ilipauka. Sebuleni, taa peke yake inatosha.

Kinachouma zaidi, jibu lilikuwepo nyumbani kwao. Mama yake ana kitalu cha miche kule Singe. Inasemekana alimpigia akamwambia, "Mwanangu, hivyo vimeungua. Mche hautolewi kivulini ukatupwa juani siku moja." Staa akacheka: "Mama, hizi siyo nyanya."

Siyo nyanya kweli, lakini mama kasema kitu. Kitaluni kivuli hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla mche haujaenda shambani. Wafugaji wa matumbawe wanafanya vilevile. Taa mpya inaanzia kama asilimia 30 hadi 50 ya nguvu yake, kwa saa chache, halafu inapandishwa kidogo kila wiki kwa mwezi mzima au zaidi. Kama taa haina sehemu ya kupunguza, unaininginiza juu zaidi, au unayashusha matumbawe chini mchangani na kuyapandisha taratibu. Na siyo yote yanataka jua kali. Yale yanayofanana na uyoga yanapenda mwanga hafifu, wakati Acropora linataka mwingi. Asilimia 100 huenda isihitajike kabisa.

Wapo wanaosema muuzaji angemuelekeza. Sawa, muuzaji mzuri huuliza mteja ana taa gani. Lakini huyu angejuaje kuhusu taa iliyonunuliwa miezi miwili baadaye?

Habari njema ni kwamba tumbawe jeupe siyo lazima liwe limekufa. Mwanga ukipunguzwa leo, maji yakatulia, mwani unaweza kurudi baada ya wiki au miezi. Jina la muuzaji halirudi lenyewe namna hiyo. Aliyelichafua laivu mbele ya maelfu asije kulisafisha kimyakimya inbox. Arudi laivu, ataje kosa lake, aombe radhi. Halafu ampigie mama Singe, safari hii asikilize.

Mdau, unaonaje? Staa aombe radhi au akae kimya yapite?