Muulizeni mama anayepika

Kila Desemba, magari yanayotoka Dar es Salaam kupanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo hubeba zawadi za wazazi, na siku hizi mtungi wa gesi na jiko lake havikosi. Krismasi inapikwa kwa gesi. Mwaka mpya ukiingia watoto wanarudi makazini, gesi inaisha, mtungi unasogezwa kwenye kona ya stoo na mama anarudi kwenye mafiga. Mimi nina duka huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro, nauza gesi na ni wakala wa fedha za simu. Mitungi mingi ya Desemba siioni ikirudi kujazwa.

Watu wa mjini wananiambia kwamba wazee wa huku juu ni wagumu, hawapendi mambo mapya. Nakataa. Wazee hao hao wananunua umeme wa LUKU kwa simu na kupokea ada za wajukuu kwa simu. Kitu kipya wanakipima, tena wanakipima vizuri kuliko wanaokiuza.

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, hela ya kutoka Dar ilikuwa bado inapanda mlima ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Nakumbuka bibi mmoja jirani ambaye mwanawe alitaka kumtumia hela ya kununulia ng'ombe. Bibi akamwambia atume kwanza elfu tano. Ujumbe ulipoingia akanipa simu nimsomee kwa sauti, kisha akasema, "Mwanangu, nitolee yote." Akazihesabu noti, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akaenda zake. Baadaye akarudi na swali: hela ikienda namba siyo, anamlalamikia nani? Nikamwonyesha namba ya huduma kwa wateja na daftari la miamala alilokuwa amesaini. Akauliza pia kama mke wa mwalimu naye anatumia. Hapo ndipo hela ya ng'ombe ikatumwa.

Mwaka 1962 Mmarekani Everett Rogers, aliyekuwa ametafiti wakulima wa Iowa, alichapisha kitabu kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea. Alisema mtu huangalia kama kitu kipya kinamzidi alicho nacho, kama kinaendana na maisha yake, kama si kigumu kukitumia, kama anaweza kukijaribu kidogo, na kama anayaona matokeo kwa wenzake. Bibi yule hakumsoma Rogers, lakini kwa elfu tano yake na swali kuhusu mke wa mwalimu alikuwa ameshafanya nusu ya kazi hiyo. Suala la kulalamika kwa nani aliliongeza mwenyewe, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa itazameni gesi kwa jicho la mama anayepika. Pale Moshi mjini, Majengo au Pasua, gesi inashindana na mkaa, na mkaa unanunuliwa. Huku juu inashindana na kuni za kihambani, matawi ya mgrevilea na mibuni iliyopogolewa, ambazo hazimtoi mtu shilingi mfukoni. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, na hela ya maziwa haiji kwa mkupuo. Kuna na mapishi yenyewe. Machalari ya watu wengi yanataka moto wa muda mrefu. Ndizi za kutengenezea pombe ya mbege zinachemshwa kwenye chombo ambacho jiko la plate mbili haliwezi kukibeba. Mwezi wa saba baridi ikikaza, moto wa kuni ndio unaowapasha watoto, na juu yake darini mahindi yanakauka. Jiko jipya linalofanya kazi moja linaombwa lichukue nafasi ya moto unaofanya kazi nne.

Sisemi kuni ni nzuri. Mama yangu amepika ndani ya moshi maisha yake yote na kikohozi chake nakijua usiku na mchana. Ndiyo maana inaniuma kuona mtungi umelala stoo.

Gesi ya samadi inanipa moyo zaidi. CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, inaieneza tangu miaka ya 1980, na mlimani inakuta mambo tayari: ng'ombe anafugwa ndani, samadi iko hatua chache kutoka jikoni, tope linalobaki linarudi kwenye migomba. Lakini nako nimeona mitambo iliyokufa kwa sababu ya valvu moja tu, fundi hayupo karibu na aliyeijenga hapatikani. Jirani akiona hivyo hajengi.

Na aliyekubali anaweza kukataa tena. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kibandani kwangu watu walitoa hela zao na bahasha zikarudi kwenye mabasi. Septemba mwaka ule serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikaipunguza tena. Wateja walikuwa wamesema bila kuandamana.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo ninalolitaka kwa moyo wote. Naomba tu lisihesabiwe kwa mitungi iliyogawiwa kwenye hafla. Ihesabiwe mitungi iliyorudi kujazwa. Gesi ya mita, ambayo kampuni ya KopaGas iliiuza Dar es Salaam kwa mtu kulipia kwa simu kiasi alicho nacho, iletwe na huku. Wanaokuja na maonyesho wasichemshe chai, wapike mtori mbele ya akina mama hadi uive, na gharama isemwe hapo hapo.

Na kila duka liwe na mizani mahali ambapo mteja anaiona. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mama anausoma, anautoa kwenye uzito wa mizani, anajua amepewa kilo ngapi. Tangu niiweke ya kwangu mlangoni, wanaokuja kujaza wameongezeka, na baadhi yao wanakuja na jirani ambaye bado hajanunua.