Gredi ya Nne Inaomba Asubuhi Moja

Wazazi wenzangu, walezi na majirani, kuanzia Malindi, Gede na Watamu hadi Kilifi mjini,

Muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote, na ukishaanza haumngoji mtu. Septemba 8 ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Oktoba 20 ni Sikukuu ya Mashujaa. Halafu tathmini za mwisho wa mwaka, na watoto wako nyumbani hadi Januari. Humo katikati, Gredi ya Nne wana somo ambalo sisi ndio kitabu chake: kaunti yetu, watu wake, kazi zake na historia yake.

Somo hili tumezoea kulijibu kwa pesa. Mtoto anarudi jioni na ujumbe kwamba kesho aende na picha ya mvuvi. Mbio saiba, picha ichapishwe, na mvuvi mwenyewe ni mjomba wake, kaketi ufuoni anashona wavu.

Ninachoomba ni kila mmoja wetu atoe asubuhi moja, aje darasani aonyeshe analolijua. Mvuvi aeleze bamvua na maji mafu, na kwa nini kusi likichachamaa vyombo havitoki. Fundi wa makuti aje na makuti yake, watoto wapige hesabu ni mangapi yataezeka jiko la shule. Bibi anayeshona hando aje na kitambaa, marinda yahesabiwe. Mgema pia aje na kamba yake ya kupandia. Tembo tu ndilo libaki mtini.

Najua jibu litakalokuja, maana nalisikia kila mkutano wa wazazi: "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini mtoto wa siku hizi?" Jibu hilo linatunyima walimu wengi. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, si kukariri peke yake, na sehemu kubwa ya ujuzi wa pwani hii imo mikononi mwa watu wasiowahi kukalia dawati. Mekatilili wa Menza hakuwa na cheti. Mwaka 1913 aliwahamasisha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Waingereza wakamkamata, wakampeleka mbali huko Kisii, akatoroka akarudi kwao. Oktoba watoto watalitaja jina lake kwenye mashairi. Lakini mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka bara atawezaje kuwasimulia habari hizo kwa Kigiriama, kama nyanya alivyozipokea kwa mamake? Nyanya huyo yupo kijijini kwenu. Mleteni.

La pili ni safari ya kwenda kwenye magofu ya Gede. Mji ule uliohamwa katika karne ya 17 uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Watalii wanavuka bahari kuja kuuona; baadhi ya watoto wetu wanaupita kwa tuktuk na hawajaingia ndani hata mara moja. Msikiti, kasri, visima, vigae vya vyombo kutoka China: hapo pana Maarifa ya Jamii, hisabati na sanaa kwa siku moja. Vyama vya akina mama, tafadhali tengeni mzunguko mmoja kwa ajili ya nauli. Wenye matatu, tupunguzieni siku hiyo. Asiye na pesa alete viazi na maji, au aje atusaidie kuwachunga watoto. Mtoto yeyote asiachwe kwa kukosa nauli.

Wapeni majina yenu walimu wa darasa kabla ya Septemba 8, ili wageni wa kwanza waingie siku hiyo ya kisomo. Ukifika shuleni, pita kwanza ofisi ya mwalimu mkuu uandikishwe. Wavuvi ambao asubuhi maji yanawaita, njooni mchana kabla ya saa tisa; ratiba yenu tutaipanga kwa kufuata maji.