Acheni kuua mapambo ya harusi kwa jiki na limao

Ndugu mkulima, najua utauliza afisa ugani anatafuta nini kwenye sanduku la bibi harusi. Natafuta mali yako. Mkufu wa madini ya fedha alioacha bibi, lulu zake na mtandio wake wa hariri ni akiba kama korosho iliyoko ghalani. Lakini kila msimu wa harusi tunaiharibu wenyewe, halafu tunaita usafi.

Tuanze na limao. Wewe unayemwaga chokaa shambani unajua kazi yake: inapunguza tindikali ya udongo, na yenyewe inaisha. Lulu imejengwa kwa kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye chokaa ya kilimo. Kauri nazo ni hivyo hivyo. Sasa ukiloweka lulu kwenye limao au siki unategemea nini? Mng'ao haurudi, umeshauyeyusha. Pangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Hata maji matupu usiloweke, uzi utalegea.

Jiki ndiyo mbaya kuliko zote. Hariri ni protini kama nywele zako, na jiki inaila. Nailoni nayo haiponi, inageuka njano. Halafu mwenye duka la kukodisha mapambo anamdai mteja fidia! Mama, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, ukijaribu kwanza pembeni kuona kama rangi inatoka. Usikamue, wala usitundike kwenye kamba kikiwa kimelowa, uzito wa maji utachana lesi. Tandaza juu ya taulo jeupe kivulini. Na usitake kiwe cheupe kama karatasi. Hariri ya zamani ina rangi ya samli, ndivyo ilivyo.

Mkufu uliopiga weusi mnausugua kwa majivu, mchanga, hata dawa ya meno. Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa. Na ninyi wa mikorosho salfa mnayo kwa magunia, chumba kilekile lilipo sanduku! Litoeni humo leo. Pambo likiwa la shaba iliyopakwa fedha juu, ukisugua sana utabaki na shaba.

Tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli, weka pambo ligusane nayo, nyunyiza kijiko cha magadi, mimina maji ya moto. Weusi utahamia kwenye foili. Baada ya dakika chache suuza, futa kwa kitambaa cha pamba. Hii ni kwa fedha tupu; chenye lulu, jiwe au gundi kisiingie humo.

Wapo wanunuzi wanaojua haya na hawakuambii. Wanachukua mkufu mweusi kwa bei ya chuma chakavu, wakifika kwao wanachemsha maji. Chemsha wewe kwanza, ndipo mtaje bei.