Jina la korali halilindwi kwa kuficha

Mwezi huu wazazi kadhaa wameniomba tuongee juu ya korali zetu. Sababu ni kwamba korali nyingi zinajiandaa kwenda kuimba nje ya kambi, na mialiko mingi inatoka Kigali, hasa mtaa wa Kacyiru.

Nianze kwa kusema ukweli: korali ni zawadi kubwa kwetu. Familia ikifiwa, korali ndiyo inafika kwanza, inachota maji, inakesha na wafiwa. Kijana aliyemaliza sekondari na hana kazi, kule kwenye mazoezi anapata ndugu na anapata kazi ya kufanya. Tulipokimbia tuliacha mashamba na ng'ombe, lakini nyimbo tulikuja nazo. Hata Wayahudi waliopelekwa Babeli walitundika vinubi vyao kwenye miti kwa uchungu, ila hawakuzisahau nyimbo za Sayuni. Kwa hiyo sikuja kuzidharau korali, hapana.

Lakini kuna neno moja linasemwa sana siku hizi, na mimi naona linatuletea ugonjwa. Jambo baya likitokea, utasikia: "Tunyamaze, tusiharibu jina la korali." Pesa ikipotea, tunyamaze. Msichana akiumizwa, tunyamaze. Leo nataka kuonyesha kwamba kunyamaza huko ndiko kunakoharibu jina lenyewe.

Someni 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25. Waimbaji wa hekaluni walikuwa 288, wakiongozwa na Asafu, Hemani na Yeduthuni. Walihesabiwa, wakapangiwa zamu kwa kura, wadogo kwa wakubwa, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsimamia. Yaani tangu zamani mwimbaji ni mtu anayetoa hesabu ya kazi yake. Kisha someni Amosi sura ya 5. Pale Mungu anakataa kelele za nyimbo za watu wake kwa sababu haki haikuwepo kati yao. Sauti zilikuwepo, vinanda vilikuwepo, lakini maskini alikuwa anaonewa. Basi tuangalie haki iko wapi katika mambo manne ya korali zetu.

1. Ruhusa na safari

Korali ikitaka kwenda Kacyiru, inaomba karatasi ya ruhusa kwa uongozi wa kambi. Majina yanaandikwa, na siku ya kurudi inaandikwa. Mwanakwaya mmoja akibaki mjini kwa siri kutafuta kazi, anayeumia ni nani? Ni korali itakayoomba mwezi ujao, ni mama anayeomba ruhusa kumpeleka mtoto hospitali, maana uongozi utaanza kutushuku wote. Kutafuta kazi siyo dhambi, lakini omba ruhusa yako kwa jina lako na kwa sababu yako. Usijifiche ndani ya wimbo.

Kumbukeni pia Kacyiru ni mahali gani. Kuna ofisi za serikali, makao makuu ya polisi, Hospitali ya King Faisal, ubalozi wa Marekani. Watu wanaotuona pale hawajawahi kufika kambini. Wanachokiona kwa korali ndicho watakachosema juu ya wakimbizi wote.

Na gari lisijazwe kupita kiasi. Ambassadors of Christ, korali ya Waadventista wa Remera hapa Kigali, ilianza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengi wetu tunaijua kwa wimbo wa Kwetu Pazuri. Mwezi wa tano mwaka 2011 ilipata ajali nchini Tanzania, na waimbaji watatu wakafariki. Waliobaki walilia, wakazika, wakaendelea kuimba. Wale walikuwa na jina kubwa Afrika Mashariki yote, na barabara haikujali jina. Kiongozi anayepanga safari amebeba watoto wa watu. Aangalie dereva amelala vya kutosha, na asikubali kurudi usiku wa manane ili kuokoa pesa ya kulala.

2. Bahasha

Korali ikimaliza kuimba, wenyeji wanatoa sadaka ya safari, mara nyingi ndani ya bahasha. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Dawa yake ni rahisi: bahasha ifunguliwe na watu watatu, wahesabu pamoja, waandike kwenye daftari, na daftari lisomwe mbele ya wanakwaya wote kwenye mazoezi yanayofuata.

Tuseme mmepewa faranga 100,000. Gari limekula 65,000, chakula 15,000. Zimebaki 20,000. Zisomwe hivyo hivyo. Kisha wote waamue: ni za kununua nyaya za kinanda, au za kumsaidia mwenzetu aliyelazwa? Kiongozi mwaminifu haogopi daftari. Kwanza daftari linamlinda yeye, maana bila maandishi hata aliye safi atasemwa.

3. Mchango wa yunifomu

Mnajua wenyewe kwamba tangu mwaka 2021 msaada wa PAM unatolewa kwa makundi, kulingana na hali ya kila familia. Kuna nyumba zinapata, kuna zinazopata kidogo, na kuna zisizopata. Sasa korali inaposema kila mtu alete pesa sawa ya kitenge kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo asipande jukwaani, kuna mtoto atakayekula mara moja kwa siku ili mama yake apendeze Kacyiru. Hiyo siyo ibada. Kila mmoja achangie kwa uwezo wake. Mkikosa kitenge, vaeni shati jeupe na sketi nyeusi ambazo karibu kila mtu anazo. Mungu hakuwahi kukataa wimbo kwa sababu ya nguo.

4. Wasichana wetu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uchungu.

Kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni vijana wawili wa korali, wote watu wazima, wakapendana na binti akapata mimba nje ya ndoa. Kanisa lina utaratibu wake wa nidhamu, mimi siyo mchungaji na sitaki kuuingilia. Lakini macho tunayo. Mara nyingi msichana anasimamishwa, jina lake linatangazwa, anakaa benchi la nyuma na tumbo lake. Mvulana Jumapili ile ile ameshika kipaza sauti. Je, mimba hiyo ilitoka kwa mtu mmoja? Kama ni nidhamu, iwe kwa wote wawili, iwe na siku ya kuanza na siku ya kuisha, na wanakwaya waende kuwatembelea. Mkimwacha binti peke yake kwa miezi tisa, mtoto akizaliwa msimuulize kwa nini harudi kanisani.

La pili ni jambo lingine kabisa. Ni mtu mzima, labda kiongozi wa nyimbo, labda mpiga kinanda, anayemchukua mtoto wa chini ya miaka 18. Hapo siyo habari ya "wameanguka dhambini". Sheria ya Rwanda inasema ni kumnajisi mtoto, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mingi. Inatuhusu wakimbizi sawa na wenyeji. Hata kama mtoto alisema ndiyo, hata kama alipewa simu au viatu, hata kama familia mbili zimekaa na kupatana mbuzi, kosa linabaki kosa.

Na hapa ndipo neno la "jina la korali" linapofanya ubaya mkubwa. Wazee wanaitana usiku, wanaomba, wanamhamishia mtu huyo kwenye korali nyingine, na mama wa mtoto anaambiwa asamehe. Kusamehe ni amri, sawa. Lakini msamaha hauzuii mtoto kupelekwa hospitali. Na huko alikohamishiwa kuna watoto wengine wanaomsubiri bila kujua.

Tunajua njia ya Kacyiru kwa ajili ya kuimba. Basi tujue na mlango mwingine ulio Kacyiru hiyo hiyo. Mwaka 2009, kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha Isange. Isange maana yake jisikie uko nyumbani. Pale aliyeumizwa anapata daktari, mpelelezi, mshauri wa kumtuliza moyo na msaada wa sheria, yote mahali pamoja na bila kulipa. Sasa vituo vya Isange viko katika hospitali nyingi za wilaya, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi Kigali. Kituo cha afya cha kambini kitawaelekeza.

Wazazi, shikeni haya. Mtoto akiwaambia ameumizwa, msimpige, msimuulize "ulikuwa unafanya nini kule". Msimwogeshe, na nguo alizovaa msizifue, zitieni kwenye mfuko wa karatasi. Mpelekeni siku ile ile. Kuna dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi, lakini lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Kikao cha wazee kikichukua wiki nzima, dawa hiyo haitasaidia tena.

Na korali ziweke kanuni ndogo ndogo za kuzuia. Mazoezi yaishe kabla ya giza. Mtoto asifundishwe sauti peke yake ndani ya nyumba ya mtu. Safarini wasichana walale pamoja na mama mmoja wa korali aliyepewa jukumu hilo. Ujumbe wa simu wa korali upite kwa mzazi kama mwimbaji ni mtoto. Kanuni hizi hazimtukani mtu yeyote. Mwema hazimpunguzii kitu, na mbaya zinamfungia njia.

Najua wengine watasema huyu mwalimu ni kijana mdogo, anafundisha wazee. Baba zangu na mama zangu, siwafundishi. Ila watoto hawa ninashinda nao darasani. Ninaona yule aliyekuwa anaimba kwa furaha anapoanza kukaa kona ya nyuma na kulala juu ya dawati. Mwalimu anaona, lakini mara nyingi anaona wakati umekwisha kupita.

Kwa hiyo kabla korali yenu haijapanda gari kwenda Kacyiru, ninyi wazazi mna haki ya kuuliza maswali manne. Nani anabeba karatasi ya ruhusa na majina? Nani watatu watafungua bahasha? Mama gani atalala na wasichana? Na mtu akiumizwa, tunamwambia nani siku hiyo hiyo? Kiongozi akiwa na majibu, mwambieni asante na mumpe mtoto wenu kwa amani. Akikasirika kwa kuulizwa, mtoto abaki nyumbani Jumapili hiyo. Mungu atasikia wimbo wake hata akiuimba akiwa anaosha vyombo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongea juu ya watoto wanaoacha shule darasa la sita. Kama una neno, mpe mwalimu yeyote aliye karibu nawe, litanifikia. Mbaki na amani.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.