Wadau, sukari haiishi kwa bakteria wa kopo

Juzi shangazi yangu wa Nachingwea kanipigia simu, nimtumie hela anunue kopo la pili la vidonge vya probiotiki. Muuzaji, anayezunguka mpaka Ruangwa, kamwambia vinasafisha utumbo na sukari inaisha, kwa hiyo metformin aipumzishe kwanza. Naye kaipumzisha kweli, siku tisa! Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, lakini hapo umeingizwa mjini."

Sisemi probiotiki ni uongo. Ni bakteria hai wanaosaidia tumbo. Mwaka 2004 kinamama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, Mwanza, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Canada, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria hao, wakawagawia watu wanaoishi na VVU. Hoja ilikuwa na mashiko, maana VVU hushambulia mapema kinga iliyoko kwenye utumbo. Utafiti uliochapishwa 2010 ukaonyesha CD4 za wanywaji zimepanda. Raha tupu! Ila ulipofanyika mwingine Mwanza hapo hapo, wanawake wengine wakapewa vidonge vya bakteria na wengine vidonge vitupu kwa wiki 25, CD4 hazikutofautiana. Watafiti wakayachapisha hayo nayo, 2011, bila kuficha. Muuzaji wa kopo atakuambia lini kwamba chake kimegoma?

Halafu huku kwetu togwa ipo tangu enzi za mabibi. Unapika uji, ukipoa unatia kimea, unauacha uchachuke. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwafuatilia watoto wadogo wa Tanzania waliopewa togwa, ikaonekana bakteria wa kuharisha wamepungua kwenye choo chao. Hilo ni la tumbo, na ni kubwa. La kisukari ni jingine kabisa: kimea hugeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana togwa ni tamu. Mgonjwa akijinywea bakuli zima akidhani anajitibu, anaongeza tatizo. Mtindi wa dukani uliotiwa sukari, vile vile.

Shangazi karudi kliniki, kipimo kikasoma 17 kabla hajala. Kaanza tena metformin. Kopo bado liko kabatini, hataki kulitupa kwa sababu alilinunua kwa hela ya korosho.

Wadau wa Nachingwea na Ruangwa, kwenu huyo jamaa kapita? Kawaambia wazee wetu waache dawa gani?