Sheria Tatu za Mwendo katika Mteremko wa Bugarama

SAYANSI NA MAISHA YA NYUMBANI



Mtu akisimama asubuhi mahali ambapo Barabara ya Taifa Namba 1 inaingia Bujumbura kutoka milimani, hatakosa kuwaona vijana walioinama juu ya baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita, zilizosheheni mikungu ya ndizi hata mwendeshaji mwenyewe haonekani vizuri. Wametoka Bugarama na vijiji vya kandokando, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nao wanateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake u katika mwinuko wa mita zipatazo 770. Ni safari ya kilomita zipatazo 35, yenye kona nyingi. Ndizi hizo ni chakula cha nyumba nyingi mjini, na fedha zake ni chumvi, sabuni na madaftari ya nyumba nyingi milimani. Lakini barabara hiyo imekwisha kuchukua roho za watu wengi, na kila mara ajali inapotokea husikika neno moja: breki zilikataa.

Kwa hakika breki hazina hiari ya kukubali wala kukataa. Ziko sheria zinazotawala kila kitu kinachokwenda na kila kitu kilichotulia, na mtaalamu wa Kiingereza Isaac Newton alizipanga katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Ni tatu tu, nazo zinafanya kazi Bugarama sawasawa na zinavyofanya kazi London. Inafaa kila nyumba izijue, hasa nyumba ambayo baba, kaka au mwana hutafuta riziki barabarani.

Sheria ya kwanza yasema hivi: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, mpaka kani, yaani nguvu ya kusukuma au ya kuvuta, ije kukibadilisha. Waonyesheni watoto jambo hili jikoni. Wekeni chungwa katikati ya sinia, mtembee nalo polepole, kisha msimame ghafla. Sinia limesimama pamoja na mikono, lakini chungwa linaendelea mbele. Pindeni kushoto, nalo litabingirika kuelekea kulia, kwa sababu lenyewe linaendelea kule lilikokuwa likielekea.

Mkungu wa ndizi ni chungwa hilo hilo, na baiskeli ndiyo sinia. Katika kona, magurudumu hupinda pamoja na barabara, lakini mzigo hutaka kwenda moja kwa moja, na mbele yake pengine ni bonde. Kinachouzuia ni kamba zilizoufunga na mshiko wa tairi juu ya lami. Tena, mzigo uliorundikwa juu sana huipindua baiskeli kwa urahisi zaidi kuliko ule uliofungwa chini, karibu na ekseli.

Sheria ya pili inahusu kipimo cha kani. Kadiri kani inavyokuwa kubwa, ndivyo mwendo unavyobadilika upesi. Na kadiri kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo kinavyohitaji kani kubwa zaidi ili kibadilike. Tufanye hesabu ndogo. Kijana wa kilo 60 na baiskeli yake ya kilo 20 ni kilo 80. Wakiongezewa ndizi za kilo 100, jumla ni kilo 180. Ili kuisimamisha baiskeli hiyo katika umbali uleule yahitajiwa kani zaidi ya mara 2 ya ile ya kwanza. Lakini waya wa breki ni uleule, na vipande vya mpira vinavyobana gurudumu ni vilevile vya siku ile baiskeli ilipokuwa tupu.

Kuna jambo jingine ambalo jicho halilioni. Mzigo ulioko juu mlimani una akiba ya nguvu, na nguvu hiyo haipotei. Inageuka kuwa mwendo, na mwendo unapozuiwa inageuka kuwa joto. Kilo 180 zikiteremka mita 1,200, akiba hiyo yatosha kuchemsha lita 6 za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaompiga mwendeshaji, lakini sehemu kubwa huishia katika breki, na kwa wale wanaokanyaga tairi la nyuma kwa kiatu, huishia katika soli. Mpira ukipata moto mno hulainika na kulika, na ubanaji wake hupungua. Hapo ndipo tunaposema breki zilikataa, kumbe zilikuwa zimefanyishwa kazi bila mapumziko tangu kilele cha mlima.

Na kasi je? Wengi hudhani kuwa kasi ikiongezeka mara 2, hatari nayo huongezeka mara 2. La hasha. Gari zuri, katika lami kavu, likienda kilomita 40 kwa saa, hupita mita 11 kabla mguu wa dereva haujakanyaga breki, ikiwa amechukua sekunde 1 kutambua hatari. Kisha huhitaji mita zipatazo 10 ili lisimame. Likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 katika sekunde hiyo, kisha huhitaji mita zipatazo 40. Kasi imeongezeka mara 2, bali umbali wa breki umeongezeka mara 4. Mtoto anayevuka barabara mita 30 mbele ya gari anapona katika kasi ya kwanza, wala haponi katika ile ya pili.

Sheria ya tatu yasema kwamba kila kani ina mwenzake, iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Askari huijua sheria hii begani: risasi ikisukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma. Mvuvi naye huijua. Akiusukuma mchanga kwa mti mrefu, mchanga huusukuma mtumbwi wake ziwani. Vivyo hivyo, breki husimamisha gurudumu, lakini kinachoisimamisha baiskeli ni barabara, kwa kulisukuma tairi kuelekea nyuma. Barabara ikiwa na maji au matope, msukumo huo hupungua, hata kama breki ni mpya.

Sheria hii pia inatueleza juu ya wale wanaoshika malori wakati wa kurudi mlimani. Katika mpando unaoinuka mita 6 kwa kila mita 100, kijana na baiskeli tupu huvutwa kwa kani inayolingana na kubeba mzigo wa kilo 5 tu. Mkono hauoni taabu, ndiyo maana kijana huona kwamba amepata msaada wa bure. Hatari haiko katika uzito huo, bali katika mabadiliko ya ghafla. Lori likishika breki, yeye huendelea mbele na kukutana na chuma. Likinyakua mwendo, mkono wake hunyakuliwa, na mkono wa pili peke yake hauwezi kuuongoza usukani.

Tusiwalaumu tu vijana hawa. Kusukuma baiskeli kilomita 35 za mpando ni kazi ya kutwa nzima, na nauli ya kuipandisha juu ya gari hupunguza faida ya ndizi. Mwezi Machi 2022 baiskeli na pikipiki zilikatazwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, lakini mlima haukupungua mteremko wake. Amri ya serikali yaweza kumzuia mtu kizuizini; baada ya kizuizi, anabaki yeye na sheria hizi tatu. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Kabla ya kuteremka, sukuma baiskeli ikiwa na mzigo wake wote, kisha ubane breki. Magurudumu yasiposimama mahali tambarare, hayatasimama mtelemkoni.

2. Funga mzigo chini na uubane pande zote mbili kwa uzito ulio sawa. Mkungu unaochezacheza utaanguka konani.

3. Pumzika mara kadhaa njiani ili breki zipoe. Punguza kasi kabla ya kuingia konani, wala si ukiwa ndani yake.

4. Usishike lori. Ikiwa ni lazima kurudi siku hiyo hiyo, vijana kadhaa wachangiane nauli ya kupakia baiskeli zao garini.

5. Askari wanaosafiri nyuma ya lori wakae chini, na masanduku yafungwe. Lori likisimama ghafla, kila kisichofungwa kitaendelea mbele.

6. Mama usimpakate mtoto katika kiti cha mbele cha gari. Gari la kilomita 40 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 atahitaji kuzuiwa kwa kani inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 110. Hakuna mikono ya mzazi iwezayo kazi hiyo, hata iwe na upendo namna gani. Mtoto akae nyuma, katika kiti chake, amefungwa mkanda.

Nanyi askari wa barabarani, mnapomsimamisha kijana mwenye ndizi, mwambieni abane breki mbele yenu kabla hamjamwuliza karatasi. Jambo hilo huchukua dakika moja, na nyumbani kwake kuna watu wanaomngojea.